Kwa Nini Ubao wa Nje Huozea Chini?

Mtu apitaye katika mitaa ya Sofu, kata mojawapo ya Mji wa Kibaha, baada ya mvua za masika, na akajali kutazama vibanda vya biashara na mabanda ya kuku yaliyozungushiwa mbao, ataona jambo moja likijirudia. Ubao uleule mmoja, uliosimamishwa na kupigiliwa siku moja, huwa mzima kwa juu na umekwisha kwa chini. Kwa juu umepauka tu na kuwa wa kijivu. Kwa chini, kiasi cha shubiri moja kutoka ardhini, kidole chaweza kuingia. Mwenyewe hulaumu mchwa, fundi humlaumu muuza mbao, na muuza mbao huilaumu mvua. Kila mmoja ameshika kipande cha ukweli. Lakini ubao wa nje hauuawi na kunyeshewa; huuawa na kukosa nafasi ya kukauka.

Ili tuelewe jambo hili hatuna budi kuanza na maji yaliyomo katika mti. Maji hayo hukaa mahali pawili: katika uwazi wa ndani ya seli, na katika kuta zenyewe za seli. Ubao unapokauka, maji ya uwazini hutoka kwanza. Yakiisha, kuta zikiwa bado zimeshiba, unyevu wa ubao huwa karibu asilimia 28 hadi 30 ya uzito wa ubao mkavu kabisa. Kuanzia hapo kwenda chini ndipo ubao huanza kusinyaa. Katika hewa yetu ya Pwani ubao ulio chini ya paa hutulia kwenye unyevu wa asilimia 13 hadi 16 hivi.

Sasa, kuvu waozeshao mbao hawawezi kukua katika ubao wenye unyevu chini ya asilimia 20. Mbegu zao zimo hewani wakati wote, na joto la nyuzi 25 hadi 30 ndilo wanalolipenda. Kwa hiyo hapa Kibaha wamekwisha kupata kila kitu isipokuwa maji. Msomaji na atazame jinsi nafasi yetu ya usalama ilivyo ndogo: kati ya 15 na 20 pana hatua tano tu. Mvua ya saa moja ikifuatwa na jua haiuvushi ubao mpaka huo kwa muda mrefu. Lakini ubao uliogusa udongo hunywa maji usiku na mchana, hata wiki mbili baada ya mvua kukatika. Tena hunywa kwa upande ulio mbaya kuliko yote, yaani kichwani, pale msumeno ulipozikata nyuzi. Nyuzi hizo ni kama mirija iliyofungwa pamoja, na kichwa cha ubao hupokea maji kwa wepesi mara nyingi zaidi kuliko uso wake. Ndiyo sababu nguzo huoza usawa wa ardhi, mahali penye maji na hewa kwa pamoja. Nguzo iliyozama kabisa majini haiozi kwa namna hiyo, maana kuvu nao huhitaji hewa.

Mchwa wa ardhini nao hufuata njia hiyohiyo. Ubao ukigusa udongo wameingia bila kuonekana. Ukiinuliwa hulazimika kujenga vijia vya udongo juu ya msingi, na vijia hivyo mwenye nyumba aweza kuviona na kuvibomoa.

Nchi za Nordiki, ambazo pamoja na Serikali ya Tanganyika zilianzisha mwaka 1963 mradi uliozaa Shirika la Elimu Kibaha, zina historia ndefu ya kuta za mbao, nazo zilijifunza somo hili kwa hasara. Huko Norwei makanisa ya mwanzo ya mbao yalijengwa kwa nguzo zilizochimbiwa ardhini, kama zichimbiwavyo nguzo za nyumba zetu za miti na udongo, nazo zilioza. Baadaye mafundi wakazikalisha nguzo juu ya mihimili iliyolazwa kwenye mawe. Kanisa la Borgund, lililojengwa mwishoni mwa karne ya 12, lingali limesimama hadi leo. Mbao zake ni za msonobari, mti usiosifiwa kwa ugumu, na hupakwa lami itokanayo na msonobari huohuo. Naona kwamba lami peke yake isingeliokoa jengo hilo kama si yale mawe.

Basi fundi wa Sofu afanye nini? Kwanza, ubao wa chini kabisa usikaribie ardhi kwa chini ya sentimeta 20, na ikiwezekana 30, kwa sababu matone yaangukayo hurudi juu na tope. Pili, nyuma ya mbao paachwe uwazi wa sentimeta mbili hivi, ulio wazi chini na juu, ili hewa ipite. Kichwa cha chini cha ubao uliosimama kikatwe kwa mshazari, tone lipate kudondoka badala ya kukaa. Mbao zikilazwa kwa kupandana, kila moja ipigwe msumari mmoja tu kwa kila nguzo, juu kidogo ya mpandano. Ubao wa paini wenye upana wa sentimeta 20, ukipigiliwa ungali mbichi, waweza kusinyaa upana kwa milimeta 6 hadi 8, hali urefu wake haubadiliki kwa kiasi cha kuonekana. Ukiwa umebanwa na misumari pande zote mbili hauna njia ila kupasuka, na ufa huo ni mlango wa maji.

Upenu wa paa nao hudharauliwa siku hizi kwa ajili ya kupunguza bati. Mwalimu wa hisabati aweza kuwapa wanafunzi hesabu hii: mvua ikianguka kwa pembe ya nyuzi 30 kutoka wima, upenu wa sentimeta 60 hukinga ukuta kiasi gani? Jibu ni 60 gawanya kwa tanjenti ya 30, yaani sentimeta 104 hivi. Upenu wa sentimeta 20 hukinga sentimeta 35 tu. Ubao wa ukingo wa paa, ambao mafundi huuita fishabodi, haukingwi na chochote, ndiyo maana huoza kabla ya wenzake. Na uchague mti bora kwa ajili yake hata kama kuta ni za paini.

Kuhusu aina za miti, kiini cha mninga, mkongo, mvule na msaji kina kemikali zinazowachukiza kuvu na wadudu. Nasema kiini: tabaka jeupe la nje la miti hiyohiyo halina kinga hiyo, na mnunuzi hana sababu ya kulilipia bei ya kiini. Lakini miti hii imepungua. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi wilayani Kisarawe imekatwa sana, na mbao nyingi tununuazo leo ni paini na mkaratusi kutoka mashamba ya Mufindi na Njombe. Kila ubao unaooza baada ya misimu mitatu hutafutiwa mwingine, na mwingine huo lazima ukatwe mahali fulani.

Rangi ya kijivu isimtishe mtu. Miale ya jua huvunja lignini, ile gundi iziunganishayo nyuzi, na mvua huiosha. Huo ni uchakavu wa ngozi tu. Katika nchi za baridi huchukua milimeta 6 hivi kwa miaka 100. Dawa ya mashaka ni kisu: kikiingia kwa urahisi, pameoza, kikigoma, ubao ni mzima. Rangi ya mafuta hupunguza kupauka huko, lakini ikipasuka na kuachwa, maji huingia ufani na kushindwa kutoka, na ubao huoza nyuma ya uso mzuri. Afadhali ubao usiopakwa kuliko uliopakwa mara moja na kusahauliwa.

Wengi hupaka oili chafu ya magari. Ni kweli hufukuza maji kwa miezi michache, lakini haizami ndani, huzuia rangi isishike baadaye, na ina masizi na metali zenye sumu ambazo mvua huzishusha udongoni, mahali kuku wanapodona. Siishauri hata kidogo. Dawa ya shaba, kromi na aseniki, ile izipayo nguzo za umeme rangi ya kijanikijani, hufanya kazi vizuri ikisukumwa kwa mgandamizo kiwandani. Kwa brashi huingia milimeta chache tu. Nguzo kama hiyo ikikatwa, kichwa kilichokatwa kisizikwe ardhini, na vipande vyake visitiwe jikoni kwa hali yoyote, kwani aseniki hubaki katika moshi na majivu.

Shule iliyo na mizani yaweza kuyathibitisha haya. Kateni vipande vinne vya ubao mmoja, vyenye urefu wa sentimeta 15. Viwili vipakwe rangi vichwani kwa makoti matatu, viwili viachwe. Vipimwe vyote, kisha kimoja cha kila namna kisimamishwe udongoni na kingine kitundikwe hewani kwenye mvua. Pimeni kila Jumatatu kuanzia Machi hadi Julai. Mwishoni vikausheni katika oveni kwa nyuzi 103 hadi uzito usipungue tena; kipande kilichokuwa gramu 460 kikifika 400, unyevu wake ulikuwa 60 gawanya kwa 400, yaani asilimia 15. Chorani grafu nne kwenye karatasi moja, na mstari mwekundu kwenye 20, kisha hesabuni ni wiki ngapi kila kipande kilikaa juu ya mstari huo.