Somo la Fiqhi: Kuuza Rimu na Matairi Yaliyotumika

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Ndugu Waislamu, ni jambo la kawaida katika miji yetu ya pwani mtu kutia gari lake rimu za aloi za fahari, kisha baada ya muda akazivua pamoja na matairi yake na kumwuzia jirani hapo hapo barazani. Biashara hii ni halali, wala si aibu kuuza kilichotumika. Lakini aghalabu muuzaji husema: "Nauza kama uonavyo; ukisha chukua, hapana kurudisha." Hudhani kwamba kwa neno hilo amekwisha jivua dhima. Je, ndivyo?

Jawabu: Sivyo. Imam Nawawi ameeleza katika Minhaj kwamba muuzaji akishartiza kuepukana na ila za kitu, sharti hilo humwepusha na ila ya ndani ya mnyama asiyoijua mwenyewe, basi. Rimu si mnyama. Ikidhihiri ila ipunguzayo thamani, iliyokuwapo kabla ya mnunuzi kukabidhiwa, naye hakuijua, ana khiyari ya kurudisha na kupewa fedha zake.

Na ila za vitu hivi ni nyingi. Iko rimu iliyopata ufa, ikachomelewa na kupakwa rangi. Liko tairi lililokwisha kashata, likachongwa upya kwa kisu na kung'arishwa kwa dawa nyeusi. Liko lenye kiraka ubavuni. Tena uko umri: ubavuni mwa tairi hupigwa tarakimu nne, 2319 maana yake ni juma la 23 la mwaka 2019. Mpira uliozeeka hukauka na kupasuka, hata kashata zikiwa nzima. Ayajuaye haya akanyamaza, amefanya ghishi.

Mtume (S.A.W.) alipita sokoni penye chungu ya nafaka, akatia mkono ndani, akakuta umaji. Mwenyewe akatoa udhuru kwamba ni mvua. Mtume akamwuliza kwa nini asiuweke juu watu wauone, kisha akajitenga na kila mwenye kughushi. Rangi iliyopakwa juu ya ufa ni ile nafaka kavu iliyofunika mbichi.

Na jambo letu ni zito zaidi. Nafaka iliyolowa humpotezea mtu chakula. Tairi bovu hupasuka katika njia ya Malindi, na garini wamo mke na watoto wa jirani yako. Utamjibu nini Mola wako, nawe ulijua?

Basi ewe muuzaji, mwoneshe mwenzio ufa kwa kidole, mtajie umri wa tairi na kila kiraka, kisha mpatane bei. Huenda shilingi zikapungua, lakini Mtume ametufunza kwamba wauzianao wakisema kweli na kubainisha hubarikiwa, na wakificha baraka hufutwa.

Nawe mnunuzi, ukigundua ila rudisha papo hapo. Ukiendelea kuitumia huku unajua, haki yako ya kurudisha huanguka. Na wewe jirani uliyeijua ila hiyo, mwambie mnunuzi; kunyamaza kwako si heshima.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wakweli katika biashara zetu. Amin.