Njia za Hewa Katika Nyumba ya Mbao

Katika sehemu za Kenya zenye baridi kali, kama vile Limuru, Kinangop na Molo, watu wengi hujenga nyumba za mbao na kuziezeka kwa mabati. Baridi ya usiku ikizidi, wenyeji huziba kila mwanya kwa matambara na magazeti, kisha huingiza jiko la makaa ndani. Desturi hiyo ni ya hatari kubwa. Makaa yawakayo hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala huweza kufa bila ya kuamka. Tena unyevu wa pumzi na wa mapishi, ukikosa pa kutokea, huozesha mbao.

Methali yasema, "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Lakini tundu la hewa si ufa.

Hewa yenye joto hupanda, na hewa baridi hushuka. Kwa hiyo kila chumba chahitaji njia mbili. Ya kwanza ni tundu la kuingizia hewa, lililokatwa ukutani karibu na sakafu, la inchi 6 kila upande. Ya pili ni ya kutolea hewa: mfereji wa mbao, mfano wa sanduku refu lisilo na kitako, utokao darini na kupita juu ya paa. Njia zote mbili zitiwe wavu wa chuma kuzuia panya. Juu ya mfereji iwekwe kofia ya bati iliyoinuliwa kidogo, ili hewa itoke na mvua isiingie.

Moshi wa jikoni usipitishwe kamwe katika mfereji wa mbao. Yafaa utolewe kwa bomba la chuma. Bomba hilo huwa la moto sana, basi na likae umbali wa inchi 18 na mbao yo yote. Lipitapo katika paa, mbao zikatwe pande zote, na nafasi hiyo ifunikwe kwa bati tupu. Masizi yasafishwe mara kwa mara, maana nayo hushika moto.

Hata nyumba iwe na njia hizo zote, jiko la makaa lisiwekwe katika chumba cha kulala. Baridi huzuiwa kwa blanketi, bali hewa safi haina badala yake.