Kompaila Haigombi Bure

Safari hii nazungumzia kitu kilichoninyima usingizi wiki nzima chumbani kwetu Aziziya, hapa Jeddah: orodha ya nodi katika lugha ya C. Wewe uliyeanza kompyuta mwaka huu, usikate tamaa kama nilivyotaka kufanya mimi.

Orodha hii ni kama kuuliza njia mtaani. Kila mtu anakuonyesha nyumba inayofuata tu. Hiyo ndiyo kazi ya pointa. Wa mwisho anasema NULL, yaani mtaa umekwisha.

Niliandika hivi:

typedef struct {
    int namba;
    struct Nodi *mbele;
} Nodi;

Kila nilipoweka p = p->mbele, kompaila ikalalamika kuwa aina za pointa hazilingani. Kwa nini? Nodi ya chini ni jina la typedef. "struct Nodi" ni jina lingine, na mwenyewe hajatambulishwa popote. Kwetu sisi ni mtu mmoja, kwa kompaila ni wawili. Dawa ni kuanza hivi:

typedef struct Nodi {

Yaliyobaki yaache yalivyo.

Kosa la pili ndilo lililoniaibisha. Fanksheni yangu ya kuongeza nodi mwishoni ilikuwa:

void ongeza(Nodi *kichwa, int n)

Orodha ikiwa tupu, haikuongezeka kitu, maana C hupeleka nakala ya pointa, siyo pointa yenyewe. Nikapeleka &kichwa, makelele tena. Basi nikafanya ujanja, nikaandika (Nodi *)&kichwa. Ikanyamaza kweli! Nilipoiendesha mbele ya mwalimu, ikaanguka palepale. Fanksheni ilidhani imepewa nodi, kumbe imepewa mahali pointa ilipohifadhiwa. Ilipotafuta "mbele", ikasoma takataka za kumbukumbu na kuzifuata.

Dawa ni nyota mbili:

void ongeza(Nodi **kichwa, int n)

Ndani yake, orodha ikiwa tupu:

if (*kichwa == NULL) *kichwa = mpya;

Kisha uiite kwa ongeza(&kichwa, 5). Sasa aina zinalingana bila kulazimisha.

Tangu GCC 14 ilipotoka mwaka 2024, pointa zisizolingana si onyo tu tena. Kwa kawaida kompaila inakataa kabisa. Lakini ukiilazimisha aina kama mimi, bado inakuamini. Kwa hiyo kabla ya kuinyamazisha, jiulize inakuambia nini. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi langu lilivunjika darasani.