SOMO LA WANACHAMA: MVUVI WA GATINI NA HESABU YA MTO



Kila mwaka ufikapo mwezi wa Septemba katika mji wa New York, Marekani, joto la kiangazi huanza kupungua na majani ya miti hukaribia kupukutika. Ndipo wavuvi wa mshipi wanapoongezeka kwenye magati ya Mto Hudson, chini ya majumba marefu ya mji. Hawa hawana mashua wala nyavu. Kila mmoja ana ufito wake, mshipi, ndoana na ndoo. Baadhi yao wametoka kazini jioni ile, na wengine ni wazee waliokwisha kustaafu.

Katika somo hili tutaeleza jinsi wanavyovua, kisha tutauliza kwa nini wengi wao humrudisha samaki majini baada ya kumpata. Jibu la swali hilo linakihusu kila chama kinachotumia maji ya mto.

1. Mto wenye kwenda pande mbili

Mto Hudson una urefu wa kilomita 507 hivi. Unaanzia katika milima ya Adirondack, kaskazini, na kuingia baharini New York. Lakini bahari nayo huuingia mto. Maji hujaa na kupwa hadi kwenye boma la Troy, karibu kilomita 246 kutoka ncha ya kusini ya kisiwa cha Manhattan. Wenyeji wa kwanza wa nchi ile waliuita mto huo kwa jina lenye maana ya maji yasiyotulia.

Kwa sababu hiyo mvuvi wa pale, kama mvuvi wa pwani yetu, huanza kwa kujua saa za maji. Kutoka kujaa hadi kujaa tena hupita saa 12 na dakika 25 hivi. Mgeni hudhani kwamba maji yakishapwa kabisa, mkondo hugeuka papo hapo. Sivyo. Kando ya Manhattan mkondo huendelea kwenda baharini kwa zaidi ya saa moja baada ya maji kufika chini kabisa. Asiyelijua jambo hili hukunja mshipi wake na kwenda nyumbani wakati wenzake ndio kwanza wanaanza kupata.

2. Samaki wa Septemba

Samaki anayetafutwa zaidi ni yule ambaye hapa tutamwita besi milia, kwa kuwa ana mistari saba au minane myeusi ubavuni. Hutaga mayai mtoni, katika maji baridi, wakati wa masika yao. Wakubwa hurudi baharini, na wadogo hubaki mtoni wakikua. Maji yanapoanza kupoa mwezi wa Septemba na Oktoba, makundi ya samaki wadogo mfano wa dagaa hutoka mtoni kuelekea baharini. Besi milia huwafuata ili wale na kunenepa kabla ya baridi kali. Pamoja naye huja samaki wa buluu, mwenye meno makali, awezaye kuukata mshipi mara moja.

Mvuvi wa gatini basi hahitaji kutupa mbali. Hutafuta mahali ambapo nguzo za gati zinavunja nguvu ya mkondo, kwa maana samaki mkubwa hujibanza hapo akingoja chakula kiletwe na maji. Chambo chake ni mnyoo wa bahari au kipande cha samaki, na chubwi lake huwa zito kiasi cha kukaa chini bila kuburutwa. Saa zilizo bora ni alfajiri na magharibi, mkondo unapokwenda, kwani maji yakisimama samaki hali sana.

3. Mtaji na faida

Sheria humruhusu mvuvi wa maji ya chumvi ya New York kuchukua besi milia mmoja tu kwa siku. Kwa kanuni zilizokazwa tangu mwaka 2023, samaki huyo asiwe mfupi kuliko sentimita 71 wala mrefu kuliko sentimita 79. Atumiaye chambo cha asili hana budi kutumia ndoana ya duara, ambayo hushika pembeni mwa mdomo na haimezwi hadi tumboni. Hivyo samaki anayerudishwa huwa na nafasi nzuri ya kuishi.

Mwanachama wa ushirika ataielewa kanuni hii bila shida. Samaki mdogo bado hajazaa, na jike mkubwa ndiye mwenye mayai mengi zaidi. Wote wawili ni mtaji. Anayeruhusiwa kuliwa ni sehemu ya faida. Chama kinachogawana akiba yake pamoja na ziada hufurahi mwaka mmoja tu.

4. Deni lisiloandikwa kitabuni

Hata hivyo, kanuni ya urefu si sababu pekee ya samaki kurudishwa majini. Sababu nyingine ni sumu.

Tangu mwaka 1947 hivi hadi mwaka 1977, viwanda viwili vya kampuni ya General Electric, vilivyoko juu ya mto katika miji ya Hudson Falls na Fort Edward, vilimwaga mtoni kemikali ziitwazo kwa kifupi PCB. Zilitumika katika kutengeneza vifaa vya umeme. Kemikali hizi haziozi upesi. Huzama katika tope, huingia katika wadudu, kutoka kwa wadudu huingia katika samaki wadogo, na kutoka kwao huingia katika mafuta ya samaki wakubwa. Moto wa jikoni hauziondoi.

Mwaka 1976 serikali ya jimbo la New York ilipiga marufuku uvuvi wa biashara wa besi milia katika Mto Hudson, na marufuku hiyo haijaondolewa. Familia zilizokuwa zikiishi kwa nyavu zilipoteza kazi kwa kosa ambalo hazikulitenda. Kati ya mwaka 2009 na 2015 kampuni iliyahusika kuchimbua na kuondoa zaidi ya meta za ujazo milioni 2 za tope lenye sumu. Hata baada ya kazi hiyo kubwa, wakuu wa afya wa jimbo bado wanawashauri wanawake walio na umri wa kuzaa na watoto walio chini ya miaka 15 wasile kabisa samaki wa sehemu hiyo ya mto. Watu wengine wanashauriwa wasile besi milia zaidi ya mara moja kwa mwezi, nao waondoe ngozi na mafuta kabla ya kumpika.

Tuangalie hesabu hii kwa jicho la mkaguzi. Vitabu vya viwanda vile vilionyesha gharama za malighafi, mishahara na umeme. Gharama ya kumwaga uchafu ilionekana kuwa si kitu. Kumbe gharama ilikuwapo, ila iliandikwa katika miili ya samaki na katika nyumba za wavuvi.

5. Wavuvi walivyoungana

Jambo la kutia moyo ni kwamba wavuvi hawakukaa kimya. Mwaka 1966 wavuvi wa biashara na wavuvi wa mshipi walikutana wakaanzisha Chama cha Wavuvi wa Mto Hudson. Mmoja wa viongozi wao, mwandishi Robert Boyle, alikuwa amegundua sheria za kale za mwaka 1888 na 1899 zilizokataza kumwaga uchafu katika maji yale, na zilizompa mtoa habari sehemu ya faini. Kwa sheria hizo chama kiliishitaki kampuni ya reli ya Penn Central kwa bomba lililotoa mafuta mtoni, kikapata zawadi ya dola 2,000. Mwaka 1983 chama kiliajiri mlinzi wa mto wa kudumu.

Mwaka 1985 mpango wa kufukia ukingo wa Manhattan ili kujenga barabara kuu, wenye gharama ya zaidi ya dola bilioni 2, uliachwa baada ya kesi ndefu. Hoja kuu iliyoushinda ilikuwa kwamba besi milia wachanga hupisha majira ya baridi kati ya nguzo za magati yale.

Watu hao hawakuwa na mali nyingi. Walijua saa za maji, walijua mahali samaki wanapolala, wakaisoma sheria, wakasimama pamoja.

6. Nasi je?

Yapo maji tunayoyamwaga sisi wenyewe. Maji yatokayo katika vituo vya kumenyea kahawa mbivu yana sukari na utelezi wa tunda. Yakiingia mtoni huchacha, huyafanya maji kuwa makali, na huimaliza hewa ambayo samaki wanaivuta.

Miaka kadhaa iliyopita nilikagua chama kimoja wakati wa mavuno. Vitabu vilikuwa safi, ziada ilikuwa nzuri, nami nikatia sahihi. Nilipokuwa nikiondoka niliuona mfereji wa kituo ukielekea mtoni, na chini yake akina mama wakichimba mchanga wa ukingoni wapate maji ya kunywa. Sikuuliza, kwa kuwa fomu yangu haikuwa na safu ya swali hilo. Leo naona nilipaswa kuuliza, hata kama fomu haikuniagiza.

Kuchimba mashimo ya maji machafu mbali na mto, kutumia tena maji ya kumenyea, na kugeuza maganda kuwa mboji ni kazi ambazo chama kinaweza kuzianza kwa nguvu za wanachama wake. Gharama yake iandikwe wazi katika makisio ya mwaka, mbele ya mkutano mkuu, kabla mtu mwingine hajailipa kwa niaba yetu.

Maswali ya mazungumzo

1. Maji ya kituo chetu huishia wapi, na nani anaishi chini ya mto?
2. Ni kitu gani katika chama chetu ambacho ni mtaji, lakini tunakigawana kama faida?
3. Wavuvi wa Hudson walitumia sheria iliyokuwapo tayari. Je, kamati yetu inazijua sheria zinazoyalinda maji ya wilaya yetu?
4. Katika makisio ya mwaka ujao, tutatenga kiasi gani kwa mashimo ya maji machafu?