Namna ya Kuutumia Msemo wa "Sea Change"

Ukisoma Kiingereza cha siasa au biashara, utakutana na msemo "sea change". Ukiufasiri neno kwa neno, msomaji wa Mombasa atadhani unaeleza maji kujaa na kupwa.

Hatua ya 1: Jua ulikotoka. Umetoka katika The Tempest ya Shakespeare, tamthilia iliyochapishwa mwaka 1623, ambayo Samuel Mushi aliifasiri kwa jina la Tufani. Ferdinand anaamini baba yake, mfalme wa Naples, amekufa maji. Ariel, jini asiyeonekana, anamwimbia kwamba huko chini mifupa ya mzee imekuwa marijani na macho yake lulu. (Mfalme yu hai, ila kijana hajui.) Kugeuka huko ndiko "sea change", na uzito wa msemo uko hapo: si kitu kuongezeka wala kupungua, ni kugeuka kuwa kingine.

Hatua ya 2: Pima kabla ya kuutumia. Nauli kupanda haitoshi, hata ikipanda maradufu. Lakini Wakenya waliokuwa wakimpa dereva wa basi bahasha ya pesa za nyumbani, kisha M-Pesa ikaanza mwaka 2007 wakawa wanazituma kwa simu: hapo unafaa. Mwaka 1979 Waziri Mkuu wa Uingereza, James Callaghan, aliutumia alipoona uchaguzi unamponyoka. Alimweleza mshauri wake kwamba siasa hugeuka hivyo labda mara moja kila miaka 30, na hilo likishatokea, lolote utakalosema au kufanya halisaidii. Margaret Thatcher akashinda.

Hatua ya 3: Uweke mahali pake katika sentensi. Huandamana na "undergo" au "in": "Public opinion has undergone a sea change", "a sea change in policy". Usiongeze "big" mbele yake; ukubwa umo ndani tayari.

Hatua ya 4: Uliza msemaji anatoka wapi. Kwa Mwaustralia, "sea change" huweza kuwa kuhama jiji na kwenda kuishi pwani. Anayekimbilia mashambani hufanya "tree change".

Hatua ya 5: Unapofasiri, iache bahari. "Mageuzi makubwa" yanatosha kwenye habari za sera. Kwa mtu au mtazamo, andika "amebadilika kabisa" au "msimamo umegeuka". Mhariri akikudai bahari irudi, mwulize kwanza kama habari yenyewe inahusu samaki.