Mizani ya Inzi

Ndugu zetu Waislamu, katika Surat al-Hajj Mwenyezi Mungu amempigia mfano inzi: wale waombwao badala Yake hawawezi kumuumba, hata wakikusanyika wote. Aya hii twaisoma, kisha twamfukuza inzi kwa upepeo, wala hatumtazami. Somo letu la leo ni kumtazama.

Nyuki ana mbawa nne, inzi ana mbili tu. Pahala pa zile mbili za nyuma amepewa vijiti viwili vifupi, kila kimoja kina kidundu nchani. Mbu naye anavyo. Inzi wa nyumbani arukapo, mbawa zake hupiga kama mara 200 kwa sekunde, na vijiti hivyo hupiga kwa hesabu ile ile, lakini kwa kupishana: mbawa zikipanda, vyenyewe hushuka. Mwili ukipinduka ghafla, kidundu kilicho mbioni hushikilia njia yake ya kwanza, na kijiti kikapindwa kidogo. Mishipa ya fahamu iliyo shinani huhisi, na habari huifikia misuli ya mbawa na ya shingo upesi kuliko habari ya macho. Hapo inzi hujisawazisha asianguke.

William Derham, kasisi wa Kiingereza, aliandika mwanzoni mwa karne ya 18 kwamba inzi aliyeondolewa vijiti hivi hushindwa kuruka sawasawa. Mwaka 1948 Mwingereza mwingine, J. W. S. Pringle, akaeleza vifanyavyo kazi. Lakini karne nyingi kabla yao, al-Jahiz wa Basra, aliyefariki mwaka 255 wa Hijra, aliandika kitabu kirefu juu ya wanyama, na inzi hakumdharau. Basi kutazama viumbe si desturi ya kigeni. Ni mali yetu tuliyoiacha.

Hata hivyo wako miongoni mwetu wamwambiao mtoto kwamba elimu ya viumbe itampunguzia imani. Twawauliza: ni yupi aijuaye zaidi aya ile, aliyeihifadhi akapita, au aliyeihifadhi kisha akaiona mizani ile kwa macho yake?

Ewe mzazi, ukiokota inzi aliyekufa dirishani, mwite mwanao, umpe kioo cha kukuzia, avitafute vijiti viwili nyuma ya mbawa. Aliye hai asimng'oe kiungo, kwani kutesa viumbe kumekatazwa. Akisha kuviona, msomee aya. Wabillahi tawfiq.