Mtoto Yuko Tayari Lini Kutoka Darasa la Msaada wa Kiingereza?



Somo la leo ni la mzazi na mtoto pamoja, kwa hiyo naomba mlisome mkiwa mezani. Limetokana na swali ambalo wazazi watatu wameniuliza mlangoni mwezi huu, wakati wa kuwachukua watoto: "Mwalimu, mwanangu anaongea Kiingereza kunishinda. Mbona shule bado inamweka darasa la ESL?" Mmoja wao alikuwa na karatasi ya shule ya kukataa msaada huo, imebaki kusainiwa tu. Nilimwomba asisaini mpaka asome jarida la wiki hii.

Nilimwomba hivyo kwa sababu mimi nilisaini.

Tulipofika hapa Marekani, binti yangu alikuwa na miaka minane. Baada ya mwaka na nusu alikuwa anaongea kama waliozaliwa hapa. Dukani yeye ndiye aliyekuwa akizungumza, mimi nasimama pembeni. Niliposikia bado anatolewa darasani kwenda kwa mwalimu wa Kiingereza, niliona aibu, nikasema mwanangu anadharauliwa. Nikasaini akae na wenzake muda wote.

Alipofika darasa la tano alama za sayansi na historia zilishuka. Nilimgombeza nikidhani ni uvivu. Jioni moja nikamwambia anisomee ukurasa mmoja wa kitabu cha sayansi. Alisoma wote bila kukwama hata neno moja. Nikamuuliza, "Haya, umesoma nini?" Akanyamaza, kisha machozi yakamtoka. Alikuwa anatamka maneno tu, maana haipati. Kosa lilikuwa langu. Nilirudi shuleni nikaomba arudishiwe msaada, na akarudishiwa.

Kiingereza cha uwanjani na Kiingereza cha kitabuni

Mwaka 1979 mtaalamu wa lugha wa Canada, Jim Cummins, alieleza kwamba kuna lugha ya mazungumzo ya kila siku na kuna lugha ya masomo. Ya kwanza mtoto huipata kwa miaka kama miwili. Ya pili kwa kawaida huchukua miaka mitano hadi saba kuwafikia wenzake.

Angalia neno "table". Mtoto wako analijua, ni meza. Lakini kwenye hesabu ni jedwali. Neno "volume" kwenye redio ni sauti, kwenye sayansi ni ujazo. Mtoto anayejua meza na sauti tu ataongea vizuri sana na marafiki, halafu atapotea kwenye mtihani. Tena hawezi kukwambia kwamba amepotea, maana maneno yote anayatambua.

Shule inapimaje?

Mimi ni muuguzi, kwa hiyo nitaeleza kwa mfano wa wodini. Mgonjwa haruhusiwi kwenda nyumbani kwa sababu ameketi kitandani anatabasamu. Tunapima presha, joto na oksijeni, tunaangalia kama anakula na kama anafika chooni mwenyewe. Akiruhusiwa, anapewa na tarehe ya kurudi kliniki. Ukimruhusu mapema, anarudishwa na ambulansi. Lakini ukimlaza siku nyingi bila sababu, misuli inalegea na anaweza kupata maambukizi mapya. Makosa ni mawili, na yote mawili yanaumiza.

Shule nayo ina vipimo vyake. Unapoandikisha mtoto unajaza fomu ya lugha ya nyumbani. Ukiandika Kiswahili, mtoto hupimwa Kiingereza. Akionekana anahitaji msaada anaupata, na kila mwaka anapimwa tena hadi afuzu. Majimbo mengi hutumia mtihani uitwao WIDA ACCESS. Una sehemu nne: kusikiliza, kuongea, kusoma na kuandika, na ngazi zake ni kuanzia 1 hadi 6. Katika alama ya jumla, kusoma kuna uzito wa asilimia 35 na kuandika asilimia 35, lakini kusikiliza ni 15 na kuongea 15. Hapo ndipo utaelewa kwa nini mtoto anayeongea kama mtangazaji wa redio bado hajaruhusiwa.

Alama ya kufuzu hupangwa na kila jimbo, kwa hiyo ukihama jimbo, uliza upya. Na mtoto akishatoka, shule inatakiwa kumfuatilia kwa angalau miaka miwili. Hiyo ndiyo kliniki yake. Ikionekana anazama kwa sababu ya lugha, msaada unaweza kurudishwa.

Anapokaa muda mrefu kupita kiasi

Sitaki mdhani kwamba kubaki ni salama siku zote. Kijana wa sekondari anaweza kukosa somo analolipenda kwa sababu ratiba yake inagongana na kipindi cha msaada. Mwingine huvunjika moyo.

Mdogo wake binti yangu alikuwa kinyume cha dada yake. Anasoma na kuandika vizuri, lakini sehemu ya kuongea ilimwangusha miaka miwili mfululizo. Sehemu hiyo unavaa vifaa vya masikioni na kujibu kompyuta inayokurekodi. Yeye alikuwa ananong'ona neno moja moja kwa sababu anaona haya. Mwaka wa tatu tulifanya mazoezi jikoni: namuuliza swali, anajibu kwa sauti, sentensi tatu na sababu moja. Alipita. Alama ya jumla pekee isingeonyesha tatizo lilipo. Soma alama za sehemu zote nne.

Haki zako, mzazi

Mwaka 1974, katika kesi ya Lau dhidi ya Nichols iliyotokana na wanafunzi wa Kichina wa San Francisco, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba kumpa mtoto kitabu kilekile na mwalimu yuleyule si usawa ikiwa haelewi lugha inayofundishiwa. Kwa hiyo msaada huu si hisani.

Shule inatakiwa kukutumia barua ndani ya siku 30 za mwanzo wa mwaka wa masomo, ikieleza ngazi ya mtoto, aina ya msaada na masharti ya kutoka. Una haki ya mkalimani bila malipo. Usimfanye mtoto akutafsirie mkutano unaomhusu yeye mwenyewe. Unaweza pia kukataa msaada, ila ataendelea kupimwa kila mwaka, na unaweza kubadili mawazo.

Kabla ya kusaini chochote, muulize mwalimu haya:

1. Sehemu zote nne amepata ngapi, na mwaka jana alikuwa wapi?
2. Akisoma mwenyewe kitabu cha sayansi au historia, anaelewa?
3. Anakosa somo gani anapokwenda kwenye msaada?
4. Akitoka, nani atamfuatilia, na mimi nitajuaje?

Na Kiswahili je?

Wengine huambiwa waache Kiswahili nyumbani ili Kiingereza kije haraka. Msiache. Mtoto anayejua kwa Kiswahili kwamba maji yakipata joto huwa mvuke, mvuke ukipanda hupoa na kuwa mawingu, mawingu hutoa mvua, huyo ameshaelewa somo. Kilichobaki ni kuweka majina ya Kiingereza. Asiyeelewa kwa lugha yoyote ana kazi mbili.

Sasa ninyi watoto, nisikilizeni. Darasa la msaada si adhabu, wala si la wajinga. Wewe unajifunza sayansi pamoja na lugha ya sayansi kwa wakati mmoja, kazi ambayo mwenzako wa kiti cha pili hana. Usipoelewa ukurasa, sema. Binti yangu alinyamaza mwaka mzima kwa sababu alidhani nitamgombeza zaidi.

Kazi ya wiki hii

1. Mtoto achague ukurasa mmoja wa kitabu cha shule, ausome kimya, aufunge, kisha amweleze mzazi kwa Kiswahili. Mzazi aulize "kwa nini?" mara mbili.
2. Andikeni maneno matatu ya Kiingereza yenye maana moja nyumbani na nyingine darasani, na Kiswahili cha kila maana. Yaleteni Jumamosi.
3. Mzazi atafute barua ya alama za mwaka jana. Kama huna, iombe shuleni. Kama huielewi, njoo nayo, tutaisoma pamoja baada ya chai.

Na wewe mzazi mwenye karatasi, ilete Jumamosi ikiwa bado haijasainiwa. Pengine mwanao yuko tayari kweli. Tutazame kwanza vipimo.

Mwalimu wenu wa Jumamosi